Kando ya Jina la Seneta Pameandikwa Kaunti, Si Chama

Ukifungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, ya Seneti ya Kenya ya siku ambayo maseneta walipiga kura kwa ujumbe wa kaunti, utakuta orodha yenye mpangilio ambao sikuutilia maanani mpaka nilipoisoma mara ya tatu au ya nne. Waliosema ndio wametangulia, waliosema la wanafuata, na kando ya kila jina pameandikwa kaunti. Seneta fulani, Kwale. Seneta fulani, Nandi. Seneta fulani, Wajir. Chama hakitajwi popote. Anayetaka kujua mheshimiwa huyo aliingia Bungeni kwa tikiti ya nani itabidi akatafute kwingine.

Nimeirudia orodha hiyo mara nyingi, hasa msimu huu ambapo vyama vinahesabiana waaminifu na wasaliti. Kila seneta anayetofautiana na kiongozi wa chama chake anaitwa muasi, na kila anayenyamaza anaitwa mtiifu. Wachambuzi nao wameingia mkumbo huo huo. Swali la kwanza wanalouliza kuhusu rekodi ya seneta ni mara ngapi amepiga kura na chama chake. Swali hilo lina maana kule Marekani, ambako kuna watu wanaokokotoa kila mwaka asilimia ya kura ambazo kila seneta aliungana na wenzake wa Democratic au Republican. Kwetu nadhani ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Katiba ya 2010 haikuiunda Seneti kuwa uwanja wa pili wa vyama. Kifungu cha 96 kinasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda masilahi ya kaunti na serikali zake. Kifungu cha 123 kinaeleza namna. Jambo linalohusu kaunti likifika kwenye kura, kila kaunti ina kura moja tu. Anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, au akikosekana, mjumbe mwenzake wa kaunti hiyo aliyemteua yeye mwenyewe, na kabla ya kuipiga anatakiwa kushauriana na wajumbe wengine wa kaunti yake. Hakuna neno hata moja kuhusu kushauriana na kiranja wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wanachama wake ukumbini.

Kisha kuna namba ambayo wapiga kura wengi hawaijui, nayo ndiyo ufunguo wa kusoma rekodi yoyote ya seneta: 24. Jambo la kaunti halipiti kwa wingi wa waliomo ukumbini. Linapita likiungwa mkono na wengi wa kaunti zote 47, yaani angalau 24, hata kama nusu ya viti ni vitupu. Maana yake ni kwamba aliyekwenda msalani kengele ikilia, aliyesafiri, na aliyesimama kwa heshima akatangaza kwamba anajizuia, wote wamelipunguzia jambo hilo kura kama aliyesema la waziwazi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika Seneti asiyekuwapo lake lipo, na linahesabiwa upande wa wanaopinga.

Hapo ndipo kujizuia kunapokuwa kitendo cha kisiasa chenye uzito, na ndipo rekodi inapofichua mambo ambayo hotuba hazisemi. Chukua kesi ya Kawira Mwangaza, aliyekuwa gavana wa Meru. Alipelekwa mbele ya Seneti mara tatu ili aondolewe madarakani. Mwishoni mwa 2022 aliponea kwenye kamati, Novemba 2023 akaponea mbele ya maseneta wote, na Agosti 2024 akang'olewa. Shtaka la kwanza siku hiyo liliungwa mkono kwa kura 26. Wachache sana walisema la, lakini zaidi ya kaunti kumi zilijizuia. Kama kaunti tatu tu kati ya zile 26 zingevuka upande wa waliojizuia, shtaka lingeanguka bila mtu yeyote kulazimika kusema mbele ya kamera kwamba anamtetea gavana huyo. Seneta anayejizuia katika kura ya namna hiyo ameamua, na nakerwa ninapomsikia akirudi nyumbani na kuwaambia watu wake kwamba hakuegemea upande wowote.

Niende sasa kwenye mwaka ambao kwangu mimi ni kipimo cha yote, 2020. Katika miezi mitano ya mwaka huo Seneti ilionyesha utiifu wa aina mbili, na zote mbili zimo kwenye rekodi kwa anayetaka kulinganisha.

Utiifu wa kwanza ulianzia Ikulu, 11 Mei. Chama tawala cha Jubilee kilikuwa kimepasuka kati ya Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto. Katika mkutano wa siku hiyo Kipchumba Murkomen wa Elgeyo-Marakwet aliondolewa kuwa kiongozi wa walio wengi, na Susan Kihika wa Nakuru akaondolewa kuwa kiranja. Nafasi zao wakapewa Samuel Poghisio wa Pokot Magharibi, aliyekuwa mwanachama wa KANU, na Irungu Kang'ata wa Murang'a. Maseneta wateule kadhaa ambao hawakuhudhuria mkutano huo walianza kusukumwa watoke chamani. Tarehe 22 Mei Seneti ikamng'oa Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi katika kiti cha naibu spika. Waliounga mkono walikuwa 54 na waliopinga 7.

Nimesoma shutuma za siku zile kwa makini, nikitafuta kura. Nilitaka kujua ni mswada gani wa chama ambao Kindiki aliuangusha, au ni hoja ipi ya serikali ambayo Murkomen aliipigia la. Hoja kubwa ilikuwa kwamba hawakumheshimu kiongozi wa chama na kwamba Kindiki hakuonekana Ikulu siku ya mkutano. Rekodi ya mtu ya kupiga kura haikuwa na nafasi yoyote katika kesi hiyo. Walichohukumiwa nacho ni ukaribu wao na naibu rais. Basi tunaposema "utiifu kwa chama" nchini Kenya, aghalabu tunamaanisha utiifu kwa mtu mmoja, na mtu huyo akigeuka upande, utiifu nao hugeuzwa jina.

Utiifu wa pili ulionekana miezi michache tu baadaye, katika ukumbi ule ule na miongoni mwa watu wale wale.

Kila baada ya miaka mitano Seneti huamua, kwa mujibu wa Kifungu cha 217, msingi wa kugawanya fedha baina ya kaunti. Msingi uliokuwa ukitumika uliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 26, na umaskini asilimia 18. Mapendekezo mapya yalipofika Seneti katikati ya 2020, hesabu zilionyesha kwamba kaunti nyingi za kaskazini na pwani zingepoteza fedha: Wajir, Mandera, Marsabit, Garissa, Tana River, Kilifi, Kwale na nyinginezo. Viongozi wa Mlima Kenya walishikilia wito wao wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wa kaskazini wakauliza ni shilingi ngapi zitamfikia mtu ambaye kutoka kwake hadi zahanati ni mwendo wa siku nzima.

Wakati ule nilikuwa pwani. Kuna baraza ninayoizoea, ya wazee wa kahawa tungu na kashata, ambako jioni redio huwekwa juu ya meza ndogo na watu wakabishana kuliko wabunge. Kwa kawaida mabishano ni ya mpira au ya urais. Mwaka ule, kwa wiki kadhaa, yalikuwa ya asilimia. Mzee mmoja, fundi seremala aliyestaafu, alikuwa na kipande cha karatasi ya boksi la sigara alichoandika kwa penseli: kaunti yetu inapata ngapi sasa, itapata ngapi fomula ikipita. Kila nilipofika aliniuliza swali lile lile: "Mwanangu, seneta wetu amesema nini leo?" Sikumsikia hata siku moja akiuliza chama cha ODM kimesema nini, wala Jubilee.

Swali lake lilikuwa na uzito wa nyumbani. Binti yake alikuwa muuguzi wa kaunti, na mshahara ulikuwa umechelewa. Kwenye zahanati alikofanya kazi, mgonjwa aliandikiwa dawa kwenye kikaratasi akanunue dukani. Bila kura ya Seneti fedha hazikuweza kutoka. Mkwamo ulipofika Septemba, magavana walitangaza kwamba kuanzia tarehe 17 shughuli za kaunti zingesimamishwa kwa ukosefu wa fedha.

Ndani ya ukumbi mipaka ya vyama ilikuwa imefutika. Kundi lililojiita Team Kenya liliwaweka pamoja watu ambao kwa hesabu za Mei wasingekaa meza moja: Murkomen aliyevuliwa uongozi na Jubilee, Mutula Kilonzo Junior wa Makueni kutoka Wiper, Cleophas Malala wa Kakamega kutoka ANC, na Johnson Sakaja wa Nairobi, mtu wa Jubilee. Kang'ata, kiranja mpya, alisimama upande wa pili na fomula. Kura iliahirishwa, ikakwama, ikaahirishwa tena, karibu mara kumi. Tarehe 17 Agosti, siku ambayo kura ilitarajiwa, polisi waliwakamata Malala, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu. Nakumbuka redio ilivyotangaza na baraza nzima ikanyamaza. Watu wa pwani, ambao wengi wao hawajawahi kufika Samburu, walikaa wakisubiri habari za seneta wa Samburu kana kwamba ni ndugu. Kikao cha siku hiyo hakikufika kwenye kura.

Mwishowe kamati ya watu 12 ikaundwa, ikiongozwa kwa pamoja na Sakaja na Moses Wetang'ula. Tarehe 17 Septemba Seneti ikapitisha fomula iliyokubaliwa. Afya ilipewa asilimia 17, kilimo 10, idadi ya watu 18, umaskini 14, mgao sawa 20, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8 na miji 5. Lakini kilichofungua fundo ni ahadi ya kuongeza fedha zenyewe, kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha wa 2021/22, ndipo fomula mpya ianze kutumika bila kaunti yoyote kupungukiwa.

Bilioni 53.5 zaidi. Nataka namba hiyo isisahaulike, kwa sababu hazikupatikana kwa utiifu. Zilipatikana kwa sababu maseneta wa vyama tofauti walikataa, wakakataa tena, wakati viongozi wa vyama na Ikulu walitaka mambo yaishe haraka. Kama kila mmoja angemfuata kiranja wake, kura ingepita mapema na kaunti kavu zingekuwa na pungufu kwa miaka mitano.

Rekodi ya Sakaja katika suala hilo inanivutia kuliko zote, nami nasema hivyo bila kujali mengine anayosifiwa au kulaumiwa tangu awe gavana wa Nairobi. Nairobi ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingefaidika na fomula ile ya kwanza. Kwa hesabu ya chama, yeye wa Jubilee alitakiwa kusema ndio. Kwa hesabu ya kaunti yake, pia ndio. Akasema la, kwa hoja kwamba huwezi kumjengea mmoja kwa kubomoa kwa mwenzake. Hapo kipimo changu mwenyewe cha kaunti kinatikisika kidogo, na ni vizuri kitikisike. Kama utetezi wa kaunti ungekuwa na maana ya kuvuta shilingi upande wako basi, Seneti ingekuwa soko la mnada na kaunti zenye watu wengi zingeshinda kila mara. Kifungu cha 96 kinataja masilahi ya kaunti kwa wingi. Seneta wa Nairobi analinda pia Mandera, na wa Mandera analinda Nairobi.

Kang'ata naye, mtu wa upande wa pili, ana ukurasa wake. Yeye ndiye aliyewasilisha hoja ya kumng'oa Kindiki kwa kosa la kutomtii kiongozi wa chama. Miezi saba baadaye, Desemba 2020 ikiisha, alimwandikia Rais barua akimweleza kwamba BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, haukubaliki katika eneo la Mlima Kenya. Februari 2021 akavuliwa ukiranja, nafasi ikaenda kwa Kimani Wamatangi wa Kiambu. Alichofanya ni kumwambia kiongozi wake walichokuwa wakisema watu waliomtuma Seneti. Nadhani barua ile ndiyo kazi bora aliyoifanya katika miaka yake mitano, na chama kiliihesabu kuwa kosa.

Kisheria hakuna aliyeweza kumnyang'anya kiti kwa sababu yake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa imetaja ni lini mwanachama atahesabiwa amejiuzulu: akiunda chama kingine, akijiunga nacho, akitetea hadharani kuundwa kwake, au akipigia debe sera na masilahi ya chama kingine. Kupiga kura kinyume na msimamo wa chama hakumo. Fimbo halisi iko kwingine, na ni nzito zaidi kwa sababu haihitaji mahakama. Kiranja anaweza kumwondoa seneta kwenye kamati anayoijua vizuri na kumpeleka asikotaka. Chama kinaweza kumnyima safari na nafasi ya kuzungumza mapema katika mjadala. Kubwa kuliko yote ni tikiti. Maseneta wengi wanaiona Seneti kuwa kituo cha kusubiri basi la ugavana. Mwaka 2022 Kang'ata, Sakaja, Mutula, Kihika, Wamatangi na James Orengo wote walichaguliwa kuwa magavana wa kaunti zao. Katika maeneo ambako mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe, seneta mwenye ndoto hiyo hupiga kila kura akimtazama anayegawa tikiti.

Kwa seneta mteule hali ni ngumu zaidi. Katika maseneta 67, 20 hawakuchaguliwa na kaunti yoyote: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili, wote kutoka orodha za vyama. Katika kura za kaunti hawana kura yao wenyewe. Ila yako mambo ambayo kila seneta anapiga kura yake, nayo ndiyo yanayotikisa nchi. Kuna njia rahisi ya kuyatambua. Ukiona jumla ya kura imezidi 47, jua kwamba wateule wamehesabiwa. Mswada wa BBI, 11 Mei 2021, ulipata kura 51 dhidi ya 12, na siku mbili baadaye Mahakama Kuu ikaubatilisha. Kindiki aling'olewa kwa 54. Na tarehe 17 Oktoba 2024, Rigathi Gachagua alipong'olewa katika wadhifa wa naibu rais, shtaka la kwanza kati ya matano yaliyothibitishwa lilipata kura 54 pia, dhidi ya 13. Kilichohitajika kilikuwa 45, yaani theluthi mbili.

Sitaingia katika swali la kama Gachagua alistahili. Ninachokiona katika kura ile ni kwamba wale 20 wa orodha wanakaribia theluthi ya Seneti, na kiti cha kila mmoja wao kilitoka kwa chama. Tukisema mteule apige kura kinyume na chama chake liwe liwalo, tunamdai ujasiri ambao hatujamwekea ulinzi wowote. Aliyeletwa na wapiga kura laki kadhaa wa kaunti yake hana udhuru huo. Na Kindiki, ambaye miaka minne kabla Seneti ilimwona hafai kukaa hata kwenye kiti cha naibu spika kwa kukosa utiifu, ndiye aliyependekezwa kushika nafasi ya Gachagua na akaapishwa 1 Novemba 2024. Msomaji anayehesabu utiifu kwa asilimia atamweka wapi?

Tatizo la asilimia ni kwamba linachukulia chama kuwa nguzo isiyosogea. Vyama vyetu vinasogea kila msimu. Machi 2018 Uhuru na Raila Odinga, kiongozi wa ODM, walipeana mikono, na upinzani ukawa mshirika wa serikali. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, viongozi wa ODM wakateuliwa kuingia katika baraza la mawaziri, na 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya ushirikiano katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Seneta aliyechaguliwa 2022 kwa tikiti ya ODM kuikosoa serikali ya Ruto, na akaendelea kuikosoa, ghafla alionekana muasi. Edwin Sifuna wa Nairobi, akiwa Katibu Mkuu wa chama, alipinga ushirika huo hadharani na akaandamwa kwa hilo na wenzake. Unaweza kukubaliana naye au la. Lakini kinachoonekana ni kwamba chama kilihama naye akabaki palepale, na rekodi inayopima umbali baina ya mtu na chama chake haisemi ni nani kati yao aliyetembea.

Wapo watakaosema napuuza vyama, na hoja yao ina nguvu. Seneta aliyeomba kura kwa jina la chama, akavaa rangi zake, akapanda gari la mgombea urais wake, ana deni. Wapiga kura wengi walipiga suti, chama kimoja kutoka rais hadi diwani, na hawakumchunguza yeye binafsi. Tena seneta anayejigamba kwamba hafungwi na chama anaweza kuwa anafungwa na mwenye pesa. Nayakubali hayo. Deni hilo lakini linahusu sera ambazo chama kiliziahidi kwenye manifesto, na ukipitia ugomvi wa vyama vyetu ndani ya Seneti utapata taabu kumpata seneta aliyeadhibiwa kwa kuvunja ahadi ya manifesto.

Isitoshe, palipo na fedha za kaunti Seneti imeonyesha kwamba inaweza kukaa pamoja bila kuvunja chama chochote. Serikali ilipotaka kupunguza mgao wa kaunti wa 2024/25 kutoka bilioni 400.1 hadi 380 baada ya mswada wa fedha kuondolewa, maseneta wa pande zote walisimama dhidi ya Bunge la Taifa mpaka pakafikiwa bilioni 387.4. Mwaka uliofuata maafikiano yalikuwa bilioni 415.

Kinachonisumbua ni namna tunavyoisoma rekodi, hata sisi waandishi. Shirika la Mzalendo Trust limefanya kazi ya maana kwa miaka mingi kuwafuatilia wabunge na maseneta, na orodha yake ya wanaochangia mijadala husubiriwa kila mwaka. Lakini orodha hiyo huhesabu mazungumzo. Seneta anaweza kuzungumza kila siku na kutoweka kengele inapolia. Kura nyingi nazo hupigwa kwa sauti: Spika husikiliza ndio, husikiliza la, hutangaza walioshinda, na hakuna jina linalobaki. Wanaoweza kuhukumiwa kwa majina ni wale wa kura za kaunti na za mgawanyiko, na kurasa hizo zimezikwa ndani ya faili ndefu za Kiingereza ambazo seremala wangu hatazifungua.

Mwaka jana nilimchapishia ukurasa mmoja wa namna hiyo nikampelekea barazani. Alivaa miwani, akatembeza kidole polepole hadi kwenye jina la kaunti yetu, akalisoma jina la seneta kando yake. Kisha akarudi juu na kuanza kusoma kaunti nyingine kwa sauti, moja baada ya nyingine, na wenzake wakimsahihisha matamshi. Alipofika mwisho aliniuliza kura nyingine ya mgao itapigwa lini. Nikamwambia kwamba Seneti ilipitisha msingi wa nne mwaka 2025, na unatumika hadi 2029/30. Wa tano utapigiwa kura na maseneta tutakaowachagua 10 Agosti 2027. Akaukunja ukurasa mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli yake.